Shajara ya mradi: mauthipisi inayocheza

Siku ya 1

Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kubishana na kumbukumbu zangu mwenyewe. Kila nikigusa kitu kwenye hii tuba, ile ala kubwa ya shaba ya kupuliza yenye sauti nzito, siku tatu baadaye sikumbuki ilikuwaje kabla, nabaki kusifu au kulaumu nisichokijua.

Tuba yenyewe ni ya Bb (si bemoli, ndiyo do yake), vali nne za pistoni za kubonyeza kwa vidole, bomba lake likinyooshwa ni mita 5.5 hivi. Imeshapita mikono mingi kabla ya yangu. Ilinifikia bila mauthipisi, kile kikombe cha chuma tunachokiweka mdomoni, nami nikachomeka niliyokuwa nayo kabatini. Ikaingia. Nikapiga. Miezi minane sasa.

Malalamiko yangu ni matatu. Bb ya chini inachelewa kuitika: napuliza, inatoka pumzi tupu, halafu noti inafika kama mtu aliyeamshwa. F ya juu haitulii. Nikiishika kwa muda inateleza, mara juu mara chini, nami naikimbiza kwa midomo. Tena nikipiga kwa nguvu kuna mlio mdogo wa chuma kugusa chuma, ambao nimeshautafutia skrubu iliyolegea kila mahali bila kuipata.

Nilimweleza mwalimu wa bendi. Akanijibu hata bila kugeuka: "Midomo hiyo, kijana. Piga noti ndefu."

Shikamoo mwalimu, nimezipiga noti ndefu. Leo jioni nikiwa naipangusa, nikaishika mauthipisi kwa vidole viwili nikaitikisa kushoto na kulia. Ikacheza. Kumbe mimi napiga, yenyewe inacheza, na kila mmoja ana mambo yake.

Siku ya 2

Nimeazima kalipa, kile kipimio cha vipenyo na kina. Kwanza niweke sawa majina, maana nitayarudia sana. Mauthipisi ina ukingo unaogusa midomo, kikombe, koo (tundu jembamba chini ya kikombe), na mkia unaoingia kwenye tuba. Mkia huingia kwenye soketi. Ndani ya soketi, chini kabisa, ndipo linapoanzia bomba la kwanza la tuba. Kati ya ncha ya mkia na mwanzo wa bomba hilo panaweza kubaki nafasi. Hiyo nafasi nitaiita pengo.

Mkia ni koni na soketi ni koni. Zote mbili zinatakiwa kupungua kwa kiasi kilekile, na kwenye vyombo vya shaba kiasi hicho ni karibu 1 kwa 20: kila ukienda milimita 20, kipenyo kinapungua milimita 1. Koni mbili zinazolingana hubanana zenyewe kabla mkia haujafika mwisho. Hakuna skrubu wala klipu, ni kubanana tu.

Shida ni kwamba mikia ya tuba si ya saizi moja. Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz waliipatia tuba hataza kule Berlin mwaka 1835, na mpaka leo sokoni kuna walau aina tatu za mikia: mwembamba wa vyombo vya zamani vya Kiingereza, ule unaoitwa wa Kimarekani, na wa Ulaya bara, ambao ndio mnene kuliko yote. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Zikiwa kwenye meza moja, wa Kimarekani na wa bara unaweza kuapa ni ndugu pacha.

Vipimo vyangu:

Ncha ya mkia wa mauthipisi: 13.2.
Mdomo wa soketi: 15.4.
Kina cha soketi mpaka ukingo wa bomba la kwanza: 35.

Yote kwa milimita. Kina nimekipima kwa kile kijiti kinachotokea nyuma ya kalipa, nikakiteremsha taratibu mpaka kikakwama kwenye ukingo. Kuna tuba ambazo ukingo huo haushikiki vizuri, yangu ina ukingo dhahiri.

Sasa hesabu. Soketi inaanza 15.4, baada ya milimita 35 inakuwa imepungua 1.75, kwa hiyo chini kabisa ina 13.65. Mkia wangu ni 13.2. Maana yake hakuna mahali popote humo ndani ambapo soketi inaubana. Mkia unashuka mpaka unagonga ukingo wa bomba, pengo sifuri, na pembeni kuna uwazi wa 0.45. Mlio wa chuma nimeupata. Skrubu niliyoitafuta miezi minane ilikuwa chini ya pua yangu, kihalisi.

Siku ya 3

Kabla ya kugusa chochote nimejipa kazi ya kupima ilivyo sasa. Programu ya kupimia sauti kwenye simu, simu juu ya stendi mita moja kutoka kwenye kengele ya tuba (mdomo wake mpana), macho yangu yasiione skrini. Hilo la macho ni muhimu: nikiiona sindano, midomo inairekebisha noti yenyewe, napima uaminifu wangu badala ya tuba. Nimerekodi, kisha nikasoma baadaye.

Noti sita bila kubonyeza vali: Bb, F, Bb, D, F, Bb. Kwa waliokulia kwenye kwaya, ni do, so, do, mi, so, do. Kila moja mara tano.

Asubuhi Bb ya katikati ilikuwa senti 9 chini (senti 100 ni nusu toni moja). Mchana, bila kugusa kitu, ilikuwa senti 4 juu. Nilitaka kuandika kwamba tuba imejirekebisha kwa kuogopa kalipa. Halafu nikaangalia kipimajoto: chumba kilikuwa kimepanda nyuzi 4. Kasi ya sauti hewani hupanda joto linapopanda, na kila nyuzi moja ya Selsiasi huinua sauti ya ala kama senti 3. Hesabu ikatimia karibu kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya mradi: napima saa zilezile, baada ya kupasha tuba dakika kumi, na naandika joto. Tena natuliza Bb ya katikati kwa slaidi kuu (kipande cha bomba kinachovutwa kurefusha tuba) kwanza, halafu nasoma noti nyingine kwa kulinganisha na hiyo. Bila hivyo ni kupapasa gizani.

Mwanzo basi, mauthipisi ikiwa inacheza: D iko senti 14 chini. Hiyo si ajabu, D ni ya tano kwenye ngazi ya asili ya bomba na kwa hesabu ya asili hukaa senti 14 chini ya ile ya piano. F ya juu: nimepata +6, +1, +11, -3, +8. Tofauti ya senti 14 kwenye noti moja, mtu mmoja, dakika mbili. Hapa ndipo penye ugonjwa.

Siku ya 5

Karatasi. Ya kawaida, ya kuchapishia, ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukiizungusha mara moja kwenye mkia, kipenyo kinaongezeka 0.2, kwa sababu iko pande zote mbili. Na kwa koni ya 1 kwa 20, kila 0.05 ya kipenyo ni milimita nzima ya kina. Yaani tabaka moja la karatasi linaitoa mauthipisi nje kwa milimita 4! Nimeirudia hesabu hii mara tatu kwa kutoiamini. Watu hufunga karatasi "kidogo tu" bila kujua wanahamisha kitu umbali wa namna hiyo.

Tabaka moja, mkia bado unagonga chini. Mawili (0.4), bado, kasoro nywele. Matatu yanafanya 0.6, inabana, pengo linakuwa 3. Manne, pengo 7. Matano, pengo 11.

Karatasi lazima ikatwe kwa umbo la tao, siyo mstatili, maana koni haivai mstatili. Ncha zikutane bila kupandiana. Ikipandiana, upande mmoja unakuwa mnene na mauthipisi inaingia ikiwa imepinda. Tatu za kwanza nilizikata vibaya.

Nimeanza na matabaka matatu. Nikaipachika kwa kuizungusha kidogo tu, nikaitikisa. Kimya. Haichezi.

Nikapuliza Bb ya chini.

Sitaki kutia chumvi, ila nilishusha tuba nikaitazama. Noti iliitika papo hapo, ile pumzi tupu ya mwanzoni haikuwepo. F ya juu: +3, +4, +1, +5, +3. Tofauti ya senti 4.

Siku ya 6 hadi 8

Matabaka manne, kisha matano. Pengo la 7 linanipa F iliyotulia vilevile, na nahisi sauti "imefunguka" zaidi. Neno hilo naliweka kwenye alama za kunukuu makusudi. Pengo la 11: Bb ya juu kabisa inateleza, inakubali kupinda upande wowote ninaoitaka, jambo ambalo mpiga jazi angelipenda pengine. D ilisomeka -17 badala ya -14. Senti tatu. Joto la nyuzi moja lingefanya hivyohivyo, kwa hiyo siwezi kuapa.

Kilichonishangaza ni kwamba urefu wenyewe hauna uzito. Kuitoa mauthipisi nje milimita 4 kwenye bomba la mita 5.5 ni badiliko la senti 1 na kidogo. Slaidi kuu inalimeza bila hata kuhisi. Kwa hiyo mtu akisema alisogeza mauthipisi ili tuba yake ishuke sauti, kuna kitu kingine kilichotokea, au hakuna kilichotokea.

Karatasi inalowa. Unyevu wa pumzi unapenya, baada ya saa moja inakuwa uji, mauthipisi inashuka. Jana niliianza na pengo 7 nikaimaliza na 5.

Siku ya 9

Nimehamia tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile laini isiyo na gundi. Hailowi. Unene wake ni chini ya wa karatasi, na inabanwa ukiisukuma, kwa hiyo hesabu za tabaka hazitabiriki. Napiga alama ya penseli kwenye mkia pale unapoishia nje ya soketi, naichomoa, napima kutoka alama mpaka ncha, natoa kwenye 35. Hilo ndilo pengo, tepu ikiwa na matabaka mangapi sijali.

Pengo 6. Sauti nzuri.

Siku ya 10

Pengo 6. Sauti mbaya. Nzito, kama napiga na leso kwenye kengele.

Siku ya 11

Pengo 4, 5, 6, 8. Zote mbaya. Nimeandika kurasa mbili za nadharia kuhusu kwa nini tepu laini inameza mitetemo ambayo karatasi inaipitisha. Nadharia nzuri sana, yenye mchoro.

Siku ya 12

Nimezichana kurasa zile mbili.

Leo nimechomoa slaidi ya vali ya kwanza kumwaga maji, pakatoka na kipande cha tepu nyeupe, kirefu kama kidole, kimejikunja kama mnyoo. Tepu ilikuwa imepita ncha ya mkia. Kila nilipoichomeka mauthipisi, soketi iliikata nyuzinyuzi, nami nikazipuliza ndani kwa pumzi zangu mwenyewe. Vali ya kwanza ilikuwa na kipande kingine kimekaa kwenye tundu.

Nimechomoa slaidi zote, nimetoa vali, nimepitisha maji ya uvuguvugu (yasiwe ya moto, yanaharibu vanishi ya shaba) na brashi ndefu inayopinda. Vimetoka vipande vinne. Vipimo vya siku ya 10 na 11 nimevifuta vyote. Cha siku ya 9 nacho nakitilia shaka.

Kwa atakayejaribu: tepu iishie milimita 5 kabla ya ncha, na isiwe na uzi unaoning'inia. Bora zaidi, usiitumie.

Siku ya 14

Foili ya jikoni, ile karatasi ya alumini. Unene wake ni kama milimita 0.016. Tabaka moja linaongeza kipenyo 0.032, mauthipisi inatoka nje milimita 0.6 tu. Hiki ndicho kipimo nilichokuwa nakihitaji tangu mwanzo. Karatasi hunipeleka kwenye mtaa, foili inanifikisha mlangoni. Nafunga matabaka matatu ya karatasi yaliyopakwa nta ya mshumaa yasilowe, juu yake foili kwa idadi ninayotaka. Foili inachanika, lakini haiingii ndani kwa nyuzi.

Nimepita kila hatua kutoka pengo 3 mpaka 11. Kwenye daftari nimeandika maneno kama "tamu", "imebana", "pana", "ya asali". Nikiyasoma tena naona aibu. Pengo la 6.6 nililiita la asali saa tano, na saa nane nikaliita limebana.

Siku ya 16

Mdogo wangu amekubali kunisaidia kwa masharti ambayo hayahusu shajara hii. Mpango: tuba iko kwenye stendi, mimi nageukia ukutani, yeye anafunga kitu anachotaka kati ya vitatu (pengo 3, 7, 11), anaandika, mimi nafumba macho, ananiongoza hadi kwenye ukingo, napiga noti zile sita, natamka ninachodhani.

Duru kumi na mbili za kwanza nilipata kumi na moja. Nikajiona bingwa.

"Kaka," akaniambia, "wewe unapima kwa shingo."

Ni kweli. Pengo likiwa 11 mauthipisi iko mbele kwa milimita 8 kuliko pengo likiwa 3. Kichwa changu kilikuwa kinajua kabla sijapuliza. Masikio hayakufanya kazi yoyote.

Siku ya 17

Tumerudia. Sasa dogo anasogeza stendi mbele na nyuma kila duru, ovyo, na ananiwekea mto tofauti wa kukalia. Duru kumi na mbili tena, nne kwa kila pengo.

La 11 nililitambua mara zote nne. Lile la Bb ya juu kuteleza lipo kweli, sikulibuni. La 3 na la 7: duru nane, sahihi tano. Sarafu ingepata nne.

Tukajaribu 5, 7 na 9 kwa foili. Nilibahatisha tu, hata yeye alianza kunionea huruma.

Halafu likaja jaribio ambalo ndilo nilililipia. Pengo lilelile la 7, namna mbili. Namna ya kwanza, karatasi ndefu inayoufunika mkia wote ulio ndani ya soketi. Ya pili, ukanda mwembamba wa milimita 6 karibu na ncha tu, unene uleule. Ncha inabanwa palepale, lakini juu, kwenye mdomo wa soketi, kuna uwazi na mauthipisi inayumba. Pengo halijabadilika hata chembe. Duru sita, nilitambua zote sita. Bb ya chini ikachelewa, F ikaanza kutembea: +7, -1, +5, +9, 0.

Kwa hiyo miezi minane yangu haikuhusu pengo. Ilihusu kuyumba. Na hizi wiki mbili nimekuwa nikisogeza pengo kwa sehemu za milimita, kwa sababu pengo lina namba na namba zinapendeza kuandikwa, kumbe dawa ilishapatikana siku ya 5 kwenye tabaka la tatu la karatasi.

Siku ya 18

Sina mazoezi leo, nimekaa na swali la kwa nini pengo linaleta tofauti kidogo namna hii kwenye tuba, wakati wapiga tarumbeta wanaligombania mpaka nusu milimita. Wao hutaja sana milimita 3 kama mahali pa kuanzia.

Mwanafizikia wa Marekani Arthur Benade aliieleza mauthipisi kwa njia iliyonisaidia. Kwa noti za chini, tuba haijali umbo la mauthipisi, inajali ujazo wake: ni kana kwamba umeunganisha kipande cha bomba chenye ujazo huohuo. Kadiri noti inavyopanda kuelekea mlio wa mauthipisi yenyewe (ule wa "pop" unaousikia ukiipiga kiganja kwenye ukingo), ndivyo mauthipisi inavyojifanya ndefu zaidi, na hapo umbo linaanza kusema. Pengo ni nyongeza ya ujazo na pia ni hatua, bomba linapanuka ghafla na kusinyaa tena. Kwenye pengo la milimita 7 kuna nafasi ya mililita 1 hivi kwa jumla, na sehemu kubwa ya hiyo ingekuwepo hata kama bomba lingeendelea bila kukatika. Kwenye kikombe cha tuba, kinachomeza nusu ya uso wa mtu, hiyo ni tone. Kwenye tarumbeta kikombe ni kidogo, na noti ziko juu, karibu zaidi na mahali ambapo umbo linasikika. Inaelekeana na nilichosikia: kama pengo litasema kitu kwenye tuba, litasemea juu, na ndipo Bb ya juu ilipoteleza.

Kuyumba ni jambo jingine kabisa. Pale mwanzoni mwa bomba ndipo shinikizo la mawimbi ya sauti lilipo kubwa kuliko mahali pengine pote. Kama hapo panavuja, au kama kitu kinachotakiwa kuwa ukuta kinatikisika, nguvu inapotelea hapo. Midomo inasubiri mwangwi wa bomba uirudie ili ijue itetemeke vipi. Mwangwi ukirudi umechujuka, midomo inababaika. Ndio ule ucheleweshaji wa Bb.

Siku ya 21

Karatasi yenye nta si suluhisho la kuishi nalo. Njia zilizopo ni tatu. Kununua mauthipisi ya mkia mnene, wa bara, ambao nchani una kama milimita 14: kwenye soketi yangu ungekaa na pengo la 7 bila kufungwa chochote. Ni njia safi, ila kikombe hiki nimekizoea, na kuzoea ukingo mpya si kazi ya wiki moja. Ya pili, kubadilisha soketi ya tuba: kuyeyusha lehemu, kutia nyingine. Hapana. Ya tatu, kuuvisha mkia bushi ya shaba, yaani ganda jembamba la kuunenepesha.

(Mwenzangu mmoja wa bendi ana shida iliyo kinyume na yangu, soketi nyembamba na mkia mnene, unaingia nusu tu. Anafikiria kuipanua soketi kwa rima, chombo cha kukwangulia tundu. Nimemwomba aukereze mkia badala yake. Mauthipisi ukiiharibu unapata nyingine. Tundu la tuba ukishalipanua, limepanuka.)

Nimeenda kwa fundi mkerezaji, ambaye kazi yake ya kila siku ni shafti za pampu. Nikamwonyesha mchoro: bushi ya urefu wa 28, ndani koni, nje koni, zote 1 kwa 20, unene wa ukuta 0.4.

Akauangalia mchoro, akaniangalia mimi. "Nukta nne, mwanangu? Hii si bushi, hili ni ganda la kitunguu."

Nikamweleza kwa nini. Pengo la 7 linahitaji kipenyo kiongezeke 0.8, hivyo 0.4 kila upande. Akasema mbili za kwanza zitachanika, niwe tayari.

Siku ya 26

Zimechanika mbili. Amenipigia kuniambia, kwa furaha kiasi.

Siku ya 30

Ya tatu imetoka. Alitengeneza kwanza kiini cha chuma chenye koni ileile ya mkia wangu, akakereza ndani ya kipande cha shaba, akakivisha juu ya kiini, ndipo akakereza nje akiwa na kitu kigumu cha kukiegemeza. Mwishoni akapitisha msasa laini ing'ae.

Msasa huo ndio ulioninyang'anya milimita zangu. Kipenyo kimetoka pungufu kwa 0.1, na 0.1 ni milimita 2 za kina. Bushi imevaliwa, mauthipisi imekaa, nimepima: pengo 5, siyo 7. Mtu niliyekuwa siku ya 14 angeirudisha kwa fundi.

Nimeigandisha kwa gundi inayolegea kwa joto, ili nikibadilisha mawazo maji ya moto yaniachie mkia kama ulivyokuwa. Kabla ya gundi niliupaka mkia wino wa kalamu, nikaichomeka kavu na kuizungusha mara moja, kuona wapi panagusa. Wino ulifutika karibu urefu wote, isipokuwa ukanda mdogo katikati. Inatosha.

Kuipachika: kuisukuma kwa kiganja na kuizungusha kidogo, basi. Shaba kwa shaba inabana kuliko karatasi, na ukiipiga kofi au ikianguka ikiwa ndani, itaganda. Ikiganda haivutwi kwa koleo, kwa sababu bomba la kwanza litasokotwa kama kitambaa cha kufulia. Kuna kifaa maalumu chenye skrubu mbili kinachoivuta kwa usawa.

Vipimo vya leo, nyuzi 24, saa kumi jioni: F ya juu +3, +2, +4, +3, +2. Bb ya chini inaitika. D iko senti 14 chini, palepale ilipokuwa, na itaendelea kuwa hapo hata nikiivisha mauthipisi dhahabu. D ndefu naipiga kwa vali ya kwanza na ya pili, ile nyingine inapita haraka hakuna anayeisikia.

Siku ya 33

Mazoezi ya bendi nzima, ya kwanza tangu bushi. Kwenye kipande tunachoanza nacho, tuba inaingia peke yake na Bb ya chini, pole, kabla ya wengine. Huwa naiwahi kwa kupuliza mapema kidogo, kufidia ule ucheleweshaji. Mwili umezoea. Leo nikapuliza mapema kama kawaida, noti nayo ikatoka mapema kama nilivyoiambia, peke yake, kimya kizima cha ukumbi kikiisikiliza.

Mwalimu akashusha fimbo. "Unakimbilia wapi?"

Nimeanza tena noti ndefu, na metronomu ya kuhesabu mapigo safari hii.